Msiba wa Chumba cha Tatu

Jumapili, katikati ya Aprili. Mvua ilianza kabla ya adhana ya alfajiri, ikapungua jua lilipotaka kutoka, kisha ikarudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Sasa imekatika. Minazi ya jirani bado inadondosha maji, na njia ya kwenda Kinondoni imekuwa mto wa matope.

Nataka kuandika habari ya chumba cha tatu wakati bado naikumbuka vizuri. Nitajaribu kuiandika kwa haki, maana fundi aliyekijenga hajui kusoma, na hawezi kuja hapa kwenye karatasi kujitetea. Mie mwenyewe elimu yangu ni ya darasa la tatu, kisha nikaolewa. Pengine la nyuma nitalitanguliza mbele. Msomaji anivumilie.

Nyumba yetu ni ya kawaida kwa huku Mwananyamala: miti na udongo, paa la makuti, ukumbi katikati, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia, na uani nyuma. Kabla yake tulipanga Kariakoo, wakati wa vita na baadaye, katika chumba ambacho ukinyoosha mguu unagusa ukuta wa pili. Mume wangu ni mpishi wa Wazungu kule Uzunguni, hulala huko huko na hurudi kwangu Jumapili. Siku alipokuja kuniambia tumepata kiwanja Mwananyamala, nilikwenda kukitazama. Nikakuta mikorosho na nyasi za kiunoni, nikalia kwa furaha.

Chumba cha tatu kushoto, kile cha nyuma karibu na uani, tulikiweka kwa ajili ya mama yangu. Mama anaishi Kisarawe peke yake tangu baba alipofariki. Mwaka jana aliteleza nyumbani kwake akalala chini kutwa nzima, hata mpita njia akamsikia akiita. Tangu hapo mie silali vizuri. Nilimpelekea ujumbe aje akae nasi. Akajibu kwa mdomo wa dereva wa lori la mihogo: "Mwambieni nitakuja masika. Nyumba haijulikani kiangazi. Nikiona inavuja, narudi kwangu, ambako matundu ya paa nayajua yote." Mama akisema hivyo huwa hatanii. Niliona wazi kwamba chumba kile kikivuja mbele yake, atapanda lori kurudi, na safari ijayo akianguka huenda asipite mtu.

Sasa nije kwa fundi. Fundi ni Mnyamwezi, na sie ni Wazaramo. Mtu wa pwani akisoma hapo tu atakuwa ameshaanza kucheka, lakini kwa asiyejua nieleze. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zao walipokuwa wakishuka kutoka bara na mizigo kichwani, na babu zetu wakiwapokea. Mtani akikutukana hukasiriki. Akiingia jikoni akafunua chungu, humzuii. Na wewe una haki hiyo hiyo kwake. Ukikasirika umevunja utani, na watu watakucheka mpaka uzeeke.

Sie tulimchagua huyu kwa sababu hiyo hiyo ya utani, tukidhani mtani hatatudhulumu. Hakuna aliyetuonya. Au labda walituonya kwa kucheka, na sie tukacheka nao.

Ni fundi mzuri, hilo liandikwe. Vyumba vitano havina neno. Kuta zimenyooka, baraza haina nyufa, wapita njia huisifu. Kasoro ni chumba cha tatu. Alipofika huko, kombamoyo, yaani ile miti mirefu inayobeba paa, zilipungua. Mume wangu alisema, "Ngoja wiki ijayo nitaleta nyingine." Fundi akasema hakuna haja, ataziachanisha zilizopo. Mume wangu hakubisha. Miti aliileta kweli wiki ile aliyosema, lakini paa lilikuwa limeshaezekwa, basi mie nikaichukua nikajengea kichanja cha kuanikia vyombo uani. Kichanja kizuri sana. Kwa hiyo nikisema kosa ni la fundi peke yake nitakuwa nimesema uongo.

Vuli ilipofika, paa la chumba kile lilibonyea katikati kama mgongo wa punda mzee. Maji yakatuama pale, kisha yakashuka ndani. Nilimwita fundi. Akaja, kwanza akafunua chungu changu, akala, ndipo akaingia chumbani na kutazama juu.

"Mtani," nikamwambia, "chumba kinavuja."

"Hakivuji. Kinakuogesha. Nyie Wazaramo maji mnayaogopa, nimekufanyia hisani."

Nikacheka. Hilo ndilo lililoniponza miezi yote ile, kwamba nilicheka. Mtu akishakuchekesha huwezi tena kumkunjia uso. Akafuta mkono, akaenda zake.

Safari ya pili nilijiandaa. Nilimngoja barabarani na uso nimeukaza.

"Mtani, leo sikutanii. Ukuta umeanza kulowa, udongo unafura."

Akawageukia akina mama waliokuwa kisimani. "Mmesikia? Mtumwa wangu leo hatanii! Mwiteni mganga, kapandwa na kitu!"

Akina mama wakaangua kicheko, ndoo zikamwagika. Na mie, Mungu anisamehe, nikacheka nao.

Ikabidi mume wangu aende. Alikwenda Jumapili baada ya adhuhuri, kavaa kanzu na kofia yake nzuri ya kushona kwa mkono, na njia nzima alikuwa akisemasema peke yake maneno atakayosema. Alirudi kichwa wazi.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Kasemaje?"

"Kachukua kofia."

Akakaa barazani. Baadaye akasema, "Nyumba ya Bwana kule Uzunguni haivuji hata tone."

"Bwana hakujengewa na mtani wake," nikamjibu, na hapo hata yeye akacheka.

Kwenda kwa jumbe haikufaa. Kesi ya watani haisikilizwi, jumbe mwenyewe angecheka akataka kahawa. Na kusema kweli sikuwa na uhakika na haki yangu. Siku moja fundi alisema jambo bila mzaha, kwa sauti ya chini, kama anayeona haya: "Makuti yenyewe, mtani, yameshonwa macho macho. Yatazame." Nikapanda juu ya kinu nikayatazama. Mengine yalikuwa hivyo kweli, mwanga ulipenya. Makuti tuliyanunua sie. Nikashuka nimechanganyikiwa zaidi. Labda kosa ni mteremko, labda ni makuti, labda yote mawili. Mpaka leo sijui.

Hivyo chumba kikabaki. Nikaweka sufuria chini ya tundu. Kiangazi kikaja, nikaliondoa sufuria, nikajifanya nimesahau.

Mwezi wa pili, katika joto lile la kaskazi, alifariki mzee mmoja jirani yetu, Mzaramo mwenzetu. Nilikwenda msibani. Nikamwona fundi wangu makaburini, shati kalivua, anachimba. Alikuwa ameacha kazi yake ya watu huko Magomeni akaja mbio, kwa sababu Mzaramo akifa, mtani wake Mnyamwezi ndiye wa kushika jembe. Alikuwa akichimba huku akimtania marehemu: "Mzee huyu alikuwa mvivu, chimbeni pana, hatageuka mwenyewe!" Wafiwa walikuwa wanalia na kucheka kwa pamoja. Jasho lilimtiririka mpaka suruali ikaloa, na hakupumzika mpaka kazi ikaisha. Siku ile nilimheshimu. Na siku ile ile nikajua kwamba lipo jambo moja ambalo mtani huyu hawezi kulikataa kwa mzaha.

Nilikaa na wazo hilo muda mrefu nikiliogopa. Kuchezea msiba ni uchuro, na mie mama yangu ni mzee. Niliwaza, je, nikiomboleza kwa mzaha halafu likatokea la kweli? Masika ilipokaribia na dereva wa lori akaleta salamu kwamba mama anafunga mizigo, nikamwita kwangu shoga yangu wa nyumba ya pili.

"Shoga, nataka tukaomboleze kwa mtani."

"Kafa nani?"

"Chumba cha tatu."

Alicheka mpaka akauegemea ukuta. Ilikuwa ni ndani ya chumba chenyewe.

"Usiegemee huo," nikamwambia, "ndio maiti."

Kuhusu uchuro akaniambia kwamba chumba hakina roho, basi hakuna kifo kinachoitwa. Sijui kama ni kweli, lakini nilitaka kusikia hivyo.

Basi Jumapili iliyopita, wingu limetanda lakini mvua bado, tulitoka akina mama wachache, kanga kiunoni na nyingine kichwani, tukaenda hadi kwa fundi. Tulipofika karibu na baraza yake nikapiga ukelele:

"Mtani weee! Tumefiwa! Chumba chetu kimekufa, mtani wee! Kimekufa maji, na masika hata haijafika!"

Wenzangu wakaitikia. Shoga yangu alijitupa chini, akagaagaa kwa ustadi ambao sikumtegemea. Watu wakatoka majumbani.

Fundi alikuwa na wageni, wazee wawili wa kwao Tabora na vijana wa kabila lake, wanakunywa kahawa. Akasimama, kikombe mkononi, akacheka. "Watumwa wangu wamepata wazimu! Rudini, kuzikana ni kesho!"

Lakini mgeni mmoja, mwenye ndevu nyeupe, hakucheka. Akaniuliza, "Kimekufa nini, binti?"

"Chumba, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Alikijenga nani?"

"Huyu hapa."

Mzee akamgeukia fundi. "Mtani kakuletea msiba mlangoni, nawe umeshika kikombe?"

"Mzee, wananitania hawa."

"Najua wanakutania. Kwani wewe hujui kutaniwa? Siku zote wewe unakula kwao, leo wao wamekula kwako. Weka kikombe."

Watu wote wakapiga makofi. Fundi akaweka kikombe. Niliona uso wake ukibadilika kidogo. Haikuwa hasira. Alikuwa kama mtu anayehesabu miti akilini. Akaingia ndani, akatoka na panga na kamba. Kichwani alikuwa amevaa kofia ya mume wangu.

Walikuja wote, hata wale wazee. Mume wangu alikuwepo, akatoka barazani akashangaa msafara. Kitanda cha chumba cha tatu wakakitoa kama jeneza, mabegani, wakiimba, na kwa kuwa kilikuwa kipana waling'oa mlango ili kipite. Wakapanda juu, wakateremsha makuti. Kombamoyo zikaonekana jinsi zilivyokaa mbali mbali, kama meno ya mtoto. Fundi akazitazama kwa muda.

"Hii ni aibu," akasema, na nadhani alijisemea mwenyewe. Kisha akapaza sauti: "Miti! Nani ana miti?"

Mume wangu akanitazama. Mie nikatazama kichanja changu.

Wakakivunja. Vyombo vyangu vikabaki chini kwenye mkeka. Miti ile ile iliyoletwa kwa ajili ya paa ikapanda juu mahali pake, fito zikafungwa upya, mteremko ukainuliwa. Makuti yale ya macho macho fundi aliyachagua moja moja akayatupa pembeni, na kijana mmoja akatumwa kuleta mengine kutoka nyumbani kwa fundi mwenyewe, yaliyokuwa ya banda lake. Hilo naliandika kwa makusudi. Banda lake mpaka leo halina paa upande mmoja. Ukuta uliofura wakauvua udongo, wakaukandika upya, na akina mama tulichota maji na kukanyaga udongo mpaka magotini. Sijawahi kucheka kama siku ile.

Kazi ilipoisha fundi akasimama mlangoni pa nyumba, mikono kaitanua.

"Haingii mtu wala hatoki. Maiti imezikwa. Watani hawajapewa chao."

"Mnataka nini?" nikauliza, ingawa nilishaona anakotazama.

"Yule jogoo."

Nilimpenda jogoo yule. Alikuwa mwekundu, mwenye majivuno, akiwika kabla ya mwadhini. Lakini haki ni haki, nilikuwa nimeanza mwenyewe. Wakamshika, wakamchinja, wakampika kwenye chungu changu na kumla barazani kwangu. Kofia ya mume wangu ikarudishwa, ina mafuta ya kuku.

Mlango uliong'olewa wakaurudisha jua likizama, kwa haraka. Kesho yake nikagundua haufungi. Unakwaruza sakafu, unakwama katikati, hata paka anapita. Nilipomwambia fundi, akajibu, "Uliona wapi kaburi likafungwa kwa kitasa? Huo ni msiba mwingine, utakuja kuniombolezea tena."

Mama alifika jana na lori la mihogo, kakaa mbele na dereva. Ana furushi moja kubwa la kanga mbili zilizofungwa pamoja, na kikapu cha unga wa muhogo. Nilimpokea, nikataka kumfungulia vitu. Akaushika mkono wangu. "Acha. Bado." Akalala na furushi miguuni.

Leo mvua ilipoanza alikaa kitandani, furushi mapajani kama abiria, anatazama juu. Mie nilishika ufagio nikafagia sehemu niliyokwisha kuifagia. Mume wangu alikuja asubuhi kutoka Uzunguni, ameloa, akakaa ukumbini akijifanya anashona kifungo. Mvua ya pili, ile kubwa, ilipiga makuti kwa kishindo.

Katikati ya mvua hiyo akaingia fundi, gunia kichwani, maji yanamchuruzika.

"Nimesikia njaa," akasema.

Njaa gani ya kumtoa mtu nyumbani kwenye mvua ile? Lakini sikumwambia hivyo. Akausukuma ule mlango, ukakwaruza, akaingia kwa mama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ndiye wewe Mnyamwezi uliyeniua kabla sijafika?"

"Niliua chumba tu, bibi. Wewe nimekuja kukuoa. Mahari nimeshalipa makuti."

"Mume mwenyewe umelowa hivyo, nitakuanika wapi? Kichanja si mmekivunja!"

Nilishangaa mama kajuaje habari ya kichanja. Nadhani mume wangu ndiye aliyemwambia. Fundi alicheka, akachuchumaa ukutani, na yeye akatazama juu. Mume wangu naye akasogea mlangoni, tukawa wanne sasa tunatazama makuti kama watu wanaongoja mwezi wa Ramadhani uonekane.

Tone moja likaanguka karibu na mlango. Sote tuliliona. Tukangoja. La pili halikuja. Mvua iliendelea kumwagika muda mrefu, upepo ukageuka ukapiga upande wetu, na ukuta ukabaki mkavu. Nilipoukandamiza kwa kiganja, kiganja kilitoka kikavu.

Mvua ilipopungua mama akasema, "Mlango haufungi."

"Ndiyo, mama," nikasema. "Huo bado."

"Hata pale kwangu haufungi." Akalegeza fundo la furushi. Fundo lilikuwa limekaza, akatumia meno. Akatoa mkeka wake, blanketi, kibuyu, na chini kabisa mbuzi yake ya kukunia nazi, ile ile aliyokuwa akiikalia mie nikiwa mdogo, kibao kimelainika kwa kukaliwa. Akaiweka sakafuni, akaikalia, akavuta kanga magotini.

"Nazi iko wapi?"

Nilikwenda uani kuleta nazi, nikakaa huko kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha nikarudi. Fundi alizipasua kwa panga lake. Mama akakuna, akimwambia mtani kwamba mkono wake wa kupasua nazi ni wa mtu wa porini, na mtani akimjibu kwamba Wazaramo wanyimwe nazi wiki moja tu watahama nchi.

Jioni hii tumekula bada, yaani ugali, la unga wa muhogo aliokuja nao mama, na kisamvu kilichotiwa tui zito la nazi alizokuna yeye, pamoja na kipande cha papa mkavu. Kipande kikubwa alikichukua mtani bila kuuliza. Kuku hatukuwa naye.